Tanki la Mwisho

Jumamosi stendi ya Kahama ilikuwa haipitiki. Wapiga debe wanaita abiria wa Geita, wauza mahindi wanagombea madirisha ya mabasi, na dukani kwake, kwenye spea za pikipiki, Agnetha hana nafasi hata ya kumeza mate. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano, kucha amezipaka nyekundu. Ndipo akaingia kijana mrefu mwenye shati la kazi la mgodini, amekumbatia kigari chekundu, ukubwa wake kama jogoo.

"Dada, naweza kupata plagi ya injini hii?"

Agnetha akacheka mpaka wateja wakageuka. "Kaka yangu, midoli wanauza duka la mbele."

"Hiki si mdoli. Kinaendeshwa kwa rimoti, lakini kina injini kamili. Kinanguruma."

"Na wewe je, unanguruma?"

"Nikijaliwa."

Agnetha akaagiza plagi Dar es Salaam, na hapo ndipo alipojiponza. Kijana yule, Donatus, alikuwa fundi mitambo mgodi wa Bulyanhulu, chini kabisa ardhini, na kila alipopata mapumziko alikuja Kahama. Plagi ilipofika baada ya miezi mingi, injini yenyewe ilikuwa imeshachoka. Donatus akanunua mpya, na Jumapili wakaenda nayo uwanja wa mpira, wawili tu.

"Injini mpya haikimbizwi, mpenzi," alimwambia. "Matanki ya mwanzo inakunywa mafuta mengi na kutoa moshi, inakwenda polepole; la mwisho ndilo la kuikimbiza. Tanki likiisha, unaizima ipoe. Halafu pistoni unaishusha chini, maana ikipoelea juu silinda itaibana."

"Yaani tunakaa tu?"

"Tunakaa tu."

Wakakaa, wakala karanga. Donatus akamsimulia kwao Ukerewe na giza la mgodini, naye Agnetha akamsimulia habari za baba yake, mkulima wa tumbaku kule Ushetu. Moshi wa injini ulinukia oili tamu. Lakini Agnetha, jamani, subira Mungu hakumpa. Mwaka mzima Donatus anakuja, anapiga simu, anamwita "mama wa nyumba yangu", na mshenga hamtumi!

Jumapili nyingine, tanki la pili, simu ya Agnetha ikalia.

"Mwadila, mayu," baba yake akamsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, baba."

"Yule Maganga, mnunuzi wa tumbaku, ameleta posa. Nitamjibu msimu ukiisha. Kama una mtu wako, mlete. Kama huna, usinitie aibu."

Alipokata simu, akamgeukia Donatus. "Dona, umesikia? Maganga ameleta posa. Utamtuma mshenga lini?"

Donatus alikuwa ameinama anarekebisha kabureta. "Taratibu, mpenzi. Mambo mazuri hayataki..."

"Taratibu! Na mimi ni injini?"

Akamnyang'anya rimoti, akavuta mafuta mpaka mwisho. Kigari kikalia kwa sauti kali, kikapasua vumbi nusu uwanja, kisha kimya. Donatus akakimbia, akajaribu kuvuta kamba ya kuwashia. Haikuvutika. Injini ilikuwa imenoki, pistoni imekwama.

Akakiweka chini, akajifuta mikono. "Basi, Agnetha. Kama haraka ndiyo unayoitaka, Maganga ana haraka." Akaondoka, akakiacha palepale pamoja na rimoti.

Ukaja upweke, wacheni tu. Agnetha alikuwa mkaidi, hakupiga simu. Donatus naye hakupiga. Jioni akifunga duka, ananunua chipsi mayai za mtu mmoja, anazila akitazama ukuta. Stendi nzima inamsalimia, lakini hakuna anayemuuliza amekula nini. Kigari kiko juu ya kabati, kimejaa vumbi. Alimpenda yule mwanaume, na sasa alilijua hilo kwa uchungu.

Mwisho akaagiza injini mpya. Sostenes, fundi jirani, akamfungia, na Jumapili akaenda uwanjani peke yake. Akawasha. Tanki likaisha, akazima, akashusha pistoni chini, akakaa, tanki baada ya tanki. Karanga mkononi, wa kumgawia hayupo. Hapo ndipo akaelewa. Kumbe yote aliyoyajua ya Donatus aliyasikia wakati injini inapoa. Akalia pale kwenye nyasi bila kujificha.

Usiku ule akampigia baba yake. "Baba, mwambie Maganga hapana."

"Una mtu?"

"Sijui, baba. Lakini Maganga hapana."

"Haya, mayu. Wewe ndiye utakayelala peke yako."

Kisha akampigia Donatus. Haipatikani, yuko chini ardhini. Akamwandikia: *Nisamehe. Injini nimeilea mwenyewe. Limebaki tanki la mwisho, la kuikimbiza. Hilo nimekuachia wewe.*

Hakujibiwa. Jumapili moja ikapita, na nyingine. Ya tatu alikuwa amekaa uwanjani, kigari kimepoa miguuni, rimoti hajaigusa, aliposikia pikipiki nyuma yake. Donatus akashuka na shati la mgodini, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Pistoni iko chini?" akauliza.

"Iko chini. Mbona hukunijibu?"

"Nilikwenda Ukerewe kwanza, kumchukua baba mkubwa Pantaleo. Ndiye mshenga. Nilimwomba tangu mwaka jana, akaugua, nikasema nisubiri apone. Nilidhani unajua."

"Ningejuaje, Dona? Mtu anaambiwa!"

"Kweli. Nimekosa. Mzee yuko kwenye gari la Ushetu sasa hivi, anakwenda kwa baba yako. Nakupenda, Agnetha. Sikuwahi kukwambia vizuri."

Agnetha akafuta machozi kwa khanga, akamkabidhi rimoti. Donatus akavuta kamba, injini ikaitika, na kigari kikaondoka kama kimefukuzwa, kikazunguka uwanja wote kinalia, mpaka tanki likakauka.

Agnetha akakifuata, akashusha pistoni chini. Kisha akatandika khanga yake kwenye nyasi.

"Njoo tukae," akasema. "Ipoe kwanza."