Mtoto wa Majaribio

Kompyuta ilimwita mtoto ambaye hajawahi kuzaliwa, na kiti cha nyuma ya darasa kikasogea.

"Panya hao," Kicheko akasema, akaangua kicheko kama kawaida yake. Shoga yake wa dawati moja, waliyemwita Chapuchapu kwa papara zake, hakucheka. Panya gani wa kusogeza kiti cha chuma?

Walikuwa mwaka wa pili chuoni, wa mwisho, wakisomea kuunda programu. Ya Chapuchapu ilikuwa ya foleni ya zahanati: unaingiza mgonjwa, zamu yake ikifika sauti inamwita. Sasa, programu lazima uijaribu kwa mtu wa kubuni. Wenzake waliandika Fulani, mama yake Fulani, wakamaliza. Yeye akaandika Mgeni, miaka minne. Na programu ilipokataa mtoto asiye na mama, maana ndivyo alivyoiunda mwenyewe, akajibandika yeye kuwa mama, jina lake na nyumba yake, ili amalize haraka. Haya, haraka gani hiyo jamani! Nyumbani alikuwa na mwanawe wa umri uleule, mboni ya jicho lake, ambaye kwa ajili yake alirudi shule.

Mchana huo alimkuta mwanawe chini ya meza, akimega mkate vipande viwili.

"Unampa nani, baba?"

"Huyu hapa. Anasema wewe ni mama yake pia."

Chini ya meza kulinuka waya ulioungua.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mtoto alianza kunyauka. Chakula kiliisha sahanini naye hashibi, na nguo zake alizovua kavu zilikutwa zimelowa jasho, hadi siku moja, jua likiwaka dirishani na majirani wakipiga soga nje, Chapuchapu akiwa amempakata mwanawe aliyelala, alisikia miguu midogo ikikimbia ukumbini, ikaja, ikasimama nyuma ya kiti chake, na sauti ya mwanawe, yuleyule aliyekuwa amempakata amefumba macho, ikamwambia sikioni, "Mama, na mimi nipakate."

Alikimbilia chuoni akamfuta Mgeni. Kesho yake akamkuta amerudi, wa kwanza kwenye foleni.

Ndipo akaenda kwa mganga. Mganga, bibi mzee, alimsikiliza bila kumkatiza.

"Jini ukishampa mama, hafutiki," akasema polepole. "Atakula hadi nyumba ibaki na mtoto mmoja, na huyo hatakuwa wako. Mtafutie mama mwingine."

"Nimpe nani, bibi?"

"Hilo usiniulize mimi."

Alirudi kwenye kompyuta roho mkononi. Mwanawe alikuwa hawezi tena hata kuinua kichwa. Kwenye nafasi ya mama akaandika jina la kubuni. Nyuma ya bega lake sauti ndogo ikanong'ona, "Huyo hayupo." Akabuni jingine. "Huyo naye hayupo, mama."

Kicheko alikuwa ametoka kwenda kumtafutia chai, maana shoga yake hajatia kitu kinywani tangu jana. Miaka kumi kwenye ndoa, Kicheko hajapata mtoto. Ukweli ni kwamba alicheka ili watu wasimuulize. Chapuchapu alilitazama kopo la maji la mwenzake, akalia, na huku analia akaandika jina la Kicheko, na nyumba ya Kicheko, akabonyeza hifadhi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Haya.

Alipofika nyumbani mwanawe alikuwa amekaa kitandani, anadai uji.

Kesho yake Kicheko aliingia darasani mapema, macho mekundu, akavuta kiti karibu na kumshika shoga yake mkono kwa nguvu.

"Usimwambie mtu, wataniona chizi," akanong'ona. "Tangu jana kuna mtoto ananiita mama."

Chapuchapu akauliza, "Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje, shoga yangu? Nimemwitikia."