Kadi ya Alasiri

Meli ilikuwa imefika asubuhi ile, na barabara ya Lumumba ilijaa mizigo na watu wa kuisukuma. Mwamini alikwepa mkokoteni wa mihogo, akajikuta ndani ya duka la kompyuta za mtumba. Binti wa Ujiji huyo, baibui jeusi, ushungi rangi ya zabibu. Alikuwa anatengeneza kadi na video za harusi, na laptopu yake siku hizo ilikuwa inaganda akiunganisha picha tatu tu.

"Hii bei gani, kaka?" Aligusa laptopu moja nyembamba, inang'aa.

"Hiyo ya kuringia, dada." Fundi alikuwa mrefu, shati la kitenge, bisibisi sikioni. "Kazi yako nini?"

"Grafiksi. Na video."

"Basi usinunue sura. Chukua CPU ya mezani iliyotoka maofisini. RAM kumi na sita, kadi ya picha yenye memori yake, diski ya SSD. Hela inayobaki tia kwenye kioo kisichodanganya rangi. Bibi harusi kavaa nyeupe, wewe unamtoa njano, si ugomvi huo?"

Mwamini akacheka mpaka akaziba mdomo. "Una maneno! Unaitwa nani?"

"Hamdani, wa Rusimbi. Na hii hapa..." Aligusa CPU nyeusi chini ya meza, akasita. "Hii nitakupa rahisi. Naitilia diski mpya sasa hivi, unaona mwenyewe."

Urahisi ule ulitoka wapi, hakusema.

Mwamini akaichukua, na kwa miezi miwili simu zao hazikupoa.

"Mpenzi, mashine imeshiba?"

"Imeshiba. Mwenye njaa ni mimi."

"Basi nakuletea samaki, migebuka ya leo leo."

Alasiri moja Mwamini alikuwa anatoa video ya harusi ya huko Mwandiga. Feni ya mashine ikanyamaza. Kwenye kioo ikafunguka kadi ambayo hakuitengeneza yeye: maua membamba, herufi za dhahabu. *Hamdani na Asia.*

"Kumbe ana mtu!" Akaifuta, akazima simu.

Kesho yake, alasiri ileile, kadi ikarudi. Akaifuta tena.

Siku ya tatu Hamdani alibisha hodi mwenyewe.

"Mwamini, nimekukosea nini?"

"Kamuulize Asia wako."

Rangi ikamtoka. "Nani kakutajia jina hilo?"

Mwamini akaonyesha kioo. Kadi ilikuwa wazi, inawasubiri.

Hamdani akakaa sakafuni. "Alikuwa mchumba wangu. CPU hii ilikuwa yake, kazi yake kama yako. Mwaka juzi boti aliyopanda kutoka kwao Kagunga ilizama, imebaki wiki moja tufunge ndoa. Kadi hiyo alikuwa anaitengeneza." Akaitazama ile CPU. "Lakini haiwezi kuwa humu. Diski yake niliitupa ziwani, Kibirizi, kwa mkono wangu."

Akachomoa nyaya zote za umeme, akafungua ubavu wa CPU. Diski ilikuwa ileile mpya. Chini yake palikuwa na mchanga laini, umelowa.

Na kioo kilikuwa bado kinawaka.

"Kwa nini hukuniambia?" Mwamini alinong'ona.

"Niliogopa utaikataa, nibaki nayo peke yangu."

Jina la Asia likaanza kufutika, herufi moja moja, mpaka ikabaki nafasi tupu na kale kamstari kanakopepesa, kanangoja kuandikiwa.

"Anakupisha," Hamdani alisema, sauti imekauka. "Andika lako."

Mwamini alitaka. Wallahi alitaka, mume mwenyewe huyo hapo. Akasogeza kiti, vidole vikagusa vitufe vya baridi kama vimetoka majini.

"Mwenzangu kaipamba kadi hii kwa mkono wake, mimi niingie kama mpangaji? Haiwezekani."

Akaandika: *Asia.*

Kioo kikazima. Feni isiyo na umeme ikazunguka mara moja, taratibu, kama mtu anashusha pumzi, ikatulia.

Adhana ya magharibi ikasikika.

"Na sisi?" Hamdani aliuliza.

"Sisi hatutengenezi kadi. Mlete mjomba wako aongee na baba. Watu tutawaalika kwa mdomo, nyumba kwa nyumba."

"Ujiji nzima, mpenzi?"

"Nzima. Lakini tunaanzia Kagunga, kwa mama yake Asia, tukamwombe baraka. Akituambia hapana, nitakuelewa ukiamua tuachane."

Hamdani akamshika mkono. "Boti ya asubuhi," alisema. "Tunapanda wote."