Taya la Zaina

Soko kuu la Kisangani lilikuwa limefurika siku Leila alipoangushwa na kifafa mbele ya wauza pondu, majani ya muhogo. Watu walirudi nyuma wakipiga kelele. Seremala mmoja mrefu, shati limejaa vumbi la mbao, alipiga magoti, akamlaza ubavu na kumwekea koti lake chini ya kichwa. Leila alipofumbua macho, kitenge chake cha njano kimelowa tope, alimkuta bado yupo.

"Miye Assumani. Siondoki mpaka usimame."

Kwa miezi sita simu hazikukatika.

"Umekula nini, roho yangu?"

"Samaki na lituma ya ndizi."

"Bila miye? Iko mubaya sana!"

Siku moja Assumani alifika kwenye kibanda cha kushona cha Leila, akamsikia akinong'ona kwenye simu: "Jumamosi nitavuka mto kuja Lubunga, moyo wangu. Tutalala pamoja."

Assumani aligeuka, akaenda zake. Wiki nzima hakupokea simu zake, hata Leila akamfuata karakanani.

"Nimekukosea nini?"

"Ule wa Lubunga iko nani?"

"Kesho tuvuke wote."

Ng'ambo ya mto, uani kwa shangazi yake Leila, mtoto wa miaka minne alimrukia Leila kifuani. Taya la chini la mtoto lilikuwa dogo mno, kidevu kimerudi ndani.

"Zaina, mutoto wangu. Baba yake alisema iko laana, akatukimbia. Nikamuficha huku. Juzi dokta akaniambia sababu ni ile dawa ya kifafa niliyomeza na mimba." Alimpapasa mtoto kidevu. "Nilimuumiza kwa mukono wangu, Assu."

"Kuna mutu alikuonya?"

"Hapana."

"Donc, basi, si weye."

"Na tukioana, tukitaka mutoto mwingine? Dokta anasema kwanza anibadilishie dawa, polepole, mbele ya kushika mimba ingine. Nikiiacha ghafla, kifafa kinaweza kuniua. Na hata hivyo hatoi ahadi ya mutoto muzima."

"Tutaenda kwake wote wawili. Akisema tungoje, tutangoja."

Zaina alikuwa akimkodolea mgeni macho. Assumani akachuchumaa.

"Zaina, ninataka kuoa mama yako. Unasema nini?"

Mtoto alifikiri. Maneno yalimtoka kwa taabu, lakini yalitoka. "Na miye nitakuja?"

"Weye ndiye utakuwa wa kwanza kupanda pirogi ya kuvuka mto."

Zaina alimtazama mama yake, aliyekuwa akicheka huku machozi yanamtiririka.

"Bon, sawa," akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.