Kinyonga Mweusi

Kila asubuhi Chapuchapu alikunywa chai wima, akafagia nusu ya uwanja, kisha akatoka mbio mkoba ukiwa wazi. Mama yake, fundi cherehani, ndiye aliyembandika jina hilo, maana alichoka kumshonea vifungo kila wiki.

Siku ya mashindano ya kuchora mimea na wanyama wa eneo lao, alizidi. Mwisho wa kupokea picha ulikuwa saa mbili asubuhi, naye aliamka hana hata mstari. Sharti lilikuwa moja: mchore mnyama pale anapoishi, bila kumgusa. Alimpata kinyonga kichakani nyuma ya nyumba, lakini kila alipoanza kuchora, kinyonga alisogea. Hebu fikiria, mtu ashindwe kumsubiri kinyonga! Chapuchapu alichukua uzi wa mama, akamfunga mguu kwenye tawi. Alipomaliza, aliikimbiza picha shuleni.

Saa nne, afisa wa wanyamapori alipita ukumbini akikagua picha zilizobanwa kwenye kamba. Alisimama mbele ya kinyonga.

"Hii ndiyo bora kuliko zote," alimwambia mwalimu. Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Lakini mbona umempaka weusi?"

"Ndivyo alivyokuwa, shikamoo."

Watoto walicheka. Afisa hakucheka. "Marahaba. Huyu wa hapa huwa kijani. Akiwa mweusi hivi, ameogopa sana au ameumia." Aliinama karibu zaidi. "Na huu mstari mguuni?"

Chapuchapu alikuwa amechora kila alichokiona, hata uzi.

"Ni unyasi tu," alijibu.

Afisa aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaendelea mbele. Chapuchapu alishusha pumzi. Sanduku la rangi, zawadi ya mshindi, lilikuwa pale mezani, kubwa, jipya, karibu kabisa kuwa lake. Ndipo jua la dirishani lilipomchoma begani, akakumbuka kwamba hakumfungua kinyonga.

Kichaka kile hakikuwa na kivuli saa hizi, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla ya matokeo. Akisema, zawadi imekwenda. Akinyamaza, je? Alitazama sanduku, akatazama dirisha.

"Nilidanganya!" alipaza sauti, akilia. "Ni uzi! Nilimfunga, na bado yuko juani!"

Nyumbani kwao hapakuwa mbali. Walikimbia, afisa mbele. Mama alipoambiwa, aliacha cherehani akawafuata na mkasi.

Kinyonga alikuwa akining'inia, mweusi tii, mdomo wazi. Mama aliukata uzi taratibu. Afisa alimweka kivulini, akadondosha maji matone machache kwenye jani. Muda ulipita mrefu sana kabla jicho moja halijazunguka, kisha mguu ukashika tawi.

"Zawadi umeikosa," afisa alisema. "Ulivunja sharti, ukanidanganya. Lakini ungenyamaza, ungelibeba lile sanduku na huyu angekufa. Tunawachora ili watu wajifunze kuwatunza, mwanangu. Picha ikimuumiza anayechorwa, haina maana hata ikiwa nzuri vipi."

"Nisamehe," alinong'ona Chapuchapu.

"Mimi hukunifunga uzi."

Chapuchapu aligeuka kumtazama kinyonga, lakini alikuwa amekwisha kupotelea majanini.