Ndiyo Aliyoisema Enos

"Lovina, nifungulie basi. Dakika moja tu."

"Sema hukohuko nje. Nina mikate motoni."

Enos Yutzy alisimama barazani, kofia mkononi. Walikuwa waoane baada ya mavuno, lakini sasa hata mlango alikuwa hafunguliwi.

Kisa kilianza siku ya mnada wa farasi. Enos alikuwa na simu ya kificho, jambo ambalo kanisa lao, lililokataa magari na umeme, halikumruhusu aliyekwisha kubatizwa. Wakiwa njiani kurudi, shemasi akawasimamisha awasalimie. Woga ukamwingia Enos, akaisukumiza simu kwenye kikapu cha Lovina. Nayo simu, kama iliyotumwa, ikalia. Ulikuwa ujumbe usio na jina, wa binamu yake Enos aliyeasi kanisa; shemasi akaichukua simu, akausoma:

"Jumamosi nakuja na gari. Toka na nguo za mwilini tu, mengine utayapata huku."

"Kikapu cha nani hiki?" shemasi aliuliza.

"Changu," Lovina alisema, akamgeukia Enos. Enos akatazama masikio ya farasi.

Kanisa likamtenga Lovina wiki sita. Alikula peke yake kwenye meza ndogo, na hata mama yake hakupokea sahani kutoka mkononi mwake. Siku zote hizo alingoja Enos aseme. Wapi!

"Jumapili naungama," Enos alisema sasa, pale mlangoni. "Nitasema simu ilikuwa yangu."

"Simu tu?"

"Na nini tena?"

"Nenda kwenu, Enos."

Aliungama kweli, na yeye akapewa wiki zake sita. Siku ya kurudishwa kundini, mama yake Lovina, Bi Malinda, alimwonya binti yake wakiwa njiani.

"Leo tukishampokea, mwanangu, jambo hili halitajwi tena. Ndivyo tulivyo."

"Najua, mama. Ndiyo maana nataka lisemwe lote kabla hatujalizika."

Ibada ilikuwa ghalani. Enos alipiga magoti, waumini wakaulizwa mmoja mmoja kama apokelewe. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka zamu ikafika upande wa wanawake.

"Lovina?"

"Bado."

Watu wakageuka. Askofu Orva akakohoa.

"Binti, mmoja akikataa hatuwezi kumpokea. Una kinyongo?"

"Ninacho kidogo, siwezi kudanganya. Lakini ungamo lake limepungua. Muulize, siku mliyopiga kura ya kunitenga, yeye alijibu nini."

Enos akainamisha kichwa, akanong'ona kitu.

"Hatusikii," alisema askofu.

"Nilisema ndiyo! Nilijua hana kosa, mkafika kwangu, nikasema ndiyo, atengwe. Halafu nikakaa mezani na nyinyi nikala. Tena nikaongeza."

Lovina alilia hadharani, bila aibu. Alikuwa bado anampenda mtu huyu, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Sasa ndiyo," alisema. "Apokelewe."

Baada ya chakula Enos alimfuata uani, kwa unyonge, macho mekundu.

"Na harusi yetu?"

"Mbio za nini? Kwanza nijibu. Jumamosi ile ungeondoka?"

"Ndiyo."

"Bila kuniaga?"

Enos angeweza kudanganya. Binamu alikuwa mbali, na kanisa lilikuwa limekwisha kufunga kesi.

"Bila kukuaga," alisema. "Niliogopa ungenizuia, na ningekubali."

Lovina akavuta pumzi. Iliuma, tena iliuma vibaya, lakini hakuwa na haja ya kumuuliza mara ya pili.

"Mjinga wewe," alisema. "Funga farasi kwenye mkokoteni, unirudishe nyumbani."

Hawakuoana msimu ule. Lovina alitaka mwaka mzima wa kumwangalia. Kila Alhamisi Enos alikuja mchana kweupe, akakaa jikoni mbele ya Bi Malinda, akajibu kila alichoulizwa. Mwaka ulipokwisha, Lovina aliishiwa maswali, akamwambia akamwone askofu atangaze ndoa.