Kitabu cha Msalabani

Kitabu cha kileleni kilikuwa kimejaa, na kukishusha ilikuwa kazi ya Barla. Kila anayefika kwenye msalaba uliosimikwa kileleni huandika humo jina lake kwa mkono wake, pamoja na njia atakayoshukia. Mtu akipotea, huanzia humo kutafutwa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofunga viatu vya theluji kwenye kituo cha juu cha lifti ya kupandia mlima. Shemeji yake Luregn akatokea, begi mgongoni.

"Nakusindikiza, shemeji."

"Tangu lini wewe?"

"Ah, nawe! Mtu akitenda wema ahojiwe?"

Barla hakupenda. Luregn hakuwa amekanyaga mlima mwaka mzima, tangu kaka yake Tieni, mumewe Barla, apotelee huku. Ndugu hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja kwa sababu ya malisho ya baba yao. Siku ile walipanda pamoja, lakini Luregn aliapa kwamba Tieni aligeuka njiani akarudi, hakufika kileleni. Kwa hiyo watu walimtafuta chini, kandokando ya miteremko ya kutelezea kwenye theluji, na kitabu hakikufunguliwa.

Barla alitaka kitu kimoja tu: kujua mumewe alilala wapi.

Walipofika, Luregn aliwahi sanduku la bati chini ya msalaba, lililohifadhi kitabu na kalamu yake ya risasi.

"Nikubebee. Kizito hiki."

"Daftari, kizito?"

Barla akampokonya. Akafunua hadi Februari iliyopita. Mwandiko wa Tieni! *Tieni na Luregn. Tumefika. Tunashukia ukingo wa kaskazini.*

Mwongo. Mwongo mkubwa!

Alitaka kupiga kelele, lakini aliogopa. Akafunua ukurasa wa mwisho. Mwandiko uleule...

*Barla, Luregn, Tieni. Tumefika watatu. Anashuka mmoja.*

"Kuna nini humo?" Luregn alinong'ona.

"Majina tu."

"Haya, tangulia."

"Leo tangulia wewe, shemeji."

Krap... krap... Viatu vya Luregn mbele, kwenye ukingo wa kaskazini. Vyake katikati.

Na vingine nyuma yake.

Harufu ikamfikia: mafuta ya kondoo. Tieni alipaka mikanda ya viatu vyake mafuta hayo.

Bibi yake alimfundisha tangu utotoni: ukisikia wafu wanapita ukingoni, wapishe. Simama upande wa juu, uso uelekeze mlimani, usitamke neno. Barla akatoka njiani. Hatua zikaja, zikasita begani mwake, zikampita.

Angeweza kumwonya Luregn. Hakumwonya.

"Shemeji, mbona wanisogelea hivyo?" Luregn aliuliza huko mbele. Kisha, kwa sauti ndogo, "Kaka?"

Barla akashuka peke yake hadi kituoni, akaita waokoaji.

Asubuhi waokoaji walikuta nyayo za watu wawili, bega kwa bega, hadi mahali theluji ya ukingoni ilipokatika. Chini yake walitoa maiti mbili: Luregn, na Tieni wa mwaka jana. Barla alilia hadi sauti ikakauka. Angalau sasa angemzika.

Flurin, mkuu wa waokoaji, alikuwa ameshika kitabu.

"Bi Barla, mlipanda wangapi?"

"Wawili."

"Na mstari huu wa mwisho, nani kaandika?"

"Sijui."

Flurin akakifunga kitabu.

Nyumbani Barla alivua glavu ya kulia. Kalamu ya risasi ya kileleni ikadondoka sakafuni, ncha yake imelika. Akainusa glavu. Ilinuka mafuta ya kondoo.