Mchumba Wangu Alinipa Galaksi za Uongo

Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, na ninafundisha watoto hesabu hapa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Wazazi wangu walikimbia Kivu Kusini nikiwa mgongoni. Wenzangu, msinihurumie mapema. Nisikilizeni kwanza, kisha mseme kama mjinga ni mimi au siyo mimi...

Nilisoma fizikia katika chuo kimoja mjini Mbarara pamoja na Bahati, kijana wa kwetu, mchumba wangu. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa kuijaribu programu ya kompyuta inayopima picha za galaksi, yale makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali mno. Kila mmoja aliandika ripoti yake. Mwenye ripoti bora angepata nafasi ya kuendelea na masomo ng'ambo, na nafasi ilikuwa moja tu.

Programu kama hiyo hujaribiwa mara mbili. Kwanza unaipa galaksi za kutengeneza, ulizozichora mwenyewe kwa kompyuta, ambazo majibu yake unayo mkononi. Ikikosea, unaikamata. Halafu unaipa galaksi za kweli, zilizopigwa picha kwa darubini, ambazo jibu lake hakuna binadamu anayelijua. Ukizitaja za kutengeneza kuwa ni za kweli, umeghushi. Hilo tulifundishwa tangu siku ya kwanza!

Za kutengeneza tulizichora pamoja, mimi na Bahati. Zikabaki za kweli. Mama akaugua, nikarudi Nakivale kumuuguza, na mtandao wa huku mnaujua wenyewe... Bahati akasema atanipakulia zote Mbarara. Akaja nazo kwenye flashi, siku ileile familia yake ilipoleta kikapu cha posa.

Kwetu, kikapu cha wakwe hakifunuliwi mbele ya aliyekileta. Ni kumtukana. Basi na ile flashi niliipokea vivyo hivyo, kwa mikono miwili, macho chini.

"Espe," akaniambia, "mafishie zote nilishapanga na majina yao. Weye ingiza tu mu programu, usijichokeshe."

Nikayaingiza hayo mafaili. Sikufungua hata picha moja! Programu ikatoa majibu mazuri ajabu, hayana doa. Galaksi za kweli hazina adabu hiyo. Zina nyota za jirani zinazoingilia, zina ukungu, zina makovu ya kamera. Nilijua. Lakini nilichekelea... Nilikwenda hadi kitandani kwa mama nikamwambia tumeshinda. Dhambi yangu iko hapo, na sitaificha.

Siku ya kutetea ripoti nilianza mimi. Mwalimu akaomba kuona picha. Ukutani ikatokea galaksi laini, imekaa katikati, na anga nyeusi tii kuizunguka. Akauliza imepigwa kwa darubini gani. Nikaitaja. Akafungua maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili, akayasoma kwa sauti: jina la programu ya kuchorea, na majibu yote kando yake. Ni yale majibu tuliyoyapanga wenyewe! Jina la galaksi tu ndilo lililobadilishwa.

Nikasema faili nilipewa na Bahati. Wote wakamgeukia. Jamani... alisimama akasema kwa upole kwamba alinipa za kweli, sawa na zake, na hajui nilizifanya nini. Kisha akaonyesha zake. Majina yaleyale, picha za kweli!

Nani angeniamini? Chuo kilinifukuza kwa kughushi. Nafasi akapewa yeye.

Nilimfuata hadi kituo cha mabasi Mbarara siku anaondoka. Nilikuwa na swali moja tu: kwa nini? Wala hakukana.

"Nilijua hautafunguaka," akasema. "Nafasi ilikuwa moja, Espe. Na weye ungenishinda."

Akapanda basi. Mimi nikabaki nalia mbele za watu kama mfiwa.

Sasa nikienda kuteka maji, wanawake wananong'ona nyuma yangu: "Ule njo alidanganyaka bazungu na nyota." Eti mimi ndiye niliyewadanganya wazungu kwa nyota! Niwaeleze nini? Nianzie wapi? Nateka maji yangu, naondoka.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Mkipewa kazi na mnayempenda, fungueni! Fungueni mbele yake, akinuna anune. Mwenye nia njema atavuta kiti mkague pamoja. Na mambo yakinyooka kupita kiasi, msishangilie kama mimi. Ogopeni, rudini mwanzo, angalieni tena.

Mimi nilikwepa aibu ya dakika moja, ya kumkagua mchumba. Hii niliyoipata badala yake naamka nayo kila asubuhi.